Kochi la Hemedi

Katika kijiji cha Mnyembe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kivuko cha Kilambo, kochi lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Hemedi. Alilinunua mwaka ule korosho zilipopata bei nzuri, akalileta kutoka Chikongola, mjini Mtwara, juu ya pikapu ya kukodi, na watu wakatoka majumbani kulipokea kana kwamba analeta mke wa pili. Lilikuwa kochi la kukalia watu watatu. Siku hizo lilikuwa na rangi ya maziwa, sasa lilikuwa limeelekea rangi ya chai. Kwenye mkono wake wa kulia palikuwa na tundu lililounguzwa na dawa ya mbu, tundu la kuingia kidole kimoja barabara, na juu yake mke wa Hemedi alitandika kitambaa cha kufuma ili wageni wasilione.

Hemedi hakuwa mchoyo. Kochi lake lilikwenda harusini, likaenda maulidini, likakaliwa na diwani, na shehe, na bwana afya. Kwa hiyo Bibi Hadija alipomwendea jioni ile ya Jumatatu, kajitanda kanga yake moja isiyo na kiraka, Hemedi hakumwacha hata amalize salamu.

"Mgeni anakuja lini?"

"Kesho asubuhi, baba."

"Vijana watalileta mapema. Na mbuzi je? Nyumba bila mbuzi inaonekana imepoa. Chukua wawili, uwafunge nyuma pale, waonekane."

Mgeni mwenyewe alikuwa Esta, ofisa wa kituo cha kulelea yatima cha Nuru Njema kilichoko Rahaleo, mjini Mtwara. Kituo kile kiliendeshwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi, ambao hapo Mnyembe hakuna aliyewahi kuwatia machoni. Ilijulikana tu kwamba wanasomesha watoto wasio na wazazi mpaka kidato cha nne, na wanawapa kitanda, madaftari na chakula mara tatu kwa siku. Mwaka huo kituo kilitangaza nafasi chache kwa vijiji vya kando ya Ruvuma. Mwalimu mkuu alipeleka jina la Latifa, mjukuu wa Bibi Hadija, na kilichobaki kilikuwa kimoja tu: ofisa aje aione nyumba kwa macho yake.

Latifa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki siku ya nne baada ya kujifungua mtoto wa pili, na kichanga naye akamfuata. Baba yake alivuka mto kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na baada ya miaka miwili habari zake zikaletwa na mtu aliyezisikia kwa mtu: ameshafariki, amezikwa huko huko. Tangu hapo walikuwa wawili, bibi na mjukuu, na kashamba ka muhogo, na mikorosho sita mizee ambayo mitatu kati yake ilikuwa inatoa majani tu. Sasa mtoto alikuwa amefaulu darasa la saba, tena kafaulu vizuri, na sekondari ya kata ilikuwa kilomita kumi na nne kwenda peke yake, kwa njia iliyopita bondeni ambako mvua zikishika hapapitiki. Asipopata Nuru Njema, basi, shule ilikuwa imeishia hapo. Na msichana wa umri ule asiyesoma hakai sana kabla watu hawajaanza kuja kumuulizia. Bibi Hadija mwenyewe aliuliziwa akiwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyemuuliza yeye.

Nafasi ile aliitaka kwa moyo wake wote. Ndiyo maana akaazima kochi.

Msimcheke. Pale Mnyembe mtu akikujia nyumbani, tena mtu wa ofisini aliyetimuliwa vumbi njia nzima kwa ajili yako, humkalishi kwenye mkeka uliotoboka ukamwonyesha sufuria tupu. Hiyo ni kumtukana. Ni kama kumwambia umekuja kwa mtu asiye na watu. Na kuazima si uongo. Vyombo vya jirani ni vyako siku ya mgeni, kama nguvu zako zilivyo zake siku ya msiba. Mjini wanasema kufa na tai shingoni. Bibi Hadija hakuwa na tai, lakini alikuwa amekula chumvi nyingi na hajawahi kumpokea mgeni kwa aibu, na hakuona kwa nini aanzie kwa huyu, ambaye ndiye aliyemshika Latifa mkononi.

Asubuhi ya Jumanne vijana wanne walilileta kochi vichwani. Mlango ulilikataa. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaligeuza miguu juu, mmoja akabanwa kidole na kutukana, akakumbuka yuko kwa nani akaomba radhi, na mwishowe likaingia na kujaza chumba chote, hata mkeka ikabidi ukunjwe utiwe uvunguni. Mke wa mwalimu alileta vikombe vyenye visahani na chupa ya chai yenye maua. Hashimu, jirani wa upande wa kisimani, alileta taa yake ya sola, akaitundika ukutani ingawa ilikuwa mchana. Jogoo naye alikuwa wa Hashimu. Hadi jua linapanda, nyumba ya Bibi Hadija ilikuwa na neema ambayo haijapata kuiona tangu kujengwa kwake.

Esta alifika kwa bodaboda, binti mnene kiasi, nyusi zimejaa vumbi, faili kalikumbatia kifuani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu, karibu ndani!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Za Mtwara? Za njiani? Kaa, kaa hapo, usikae pembeni, kaa katikati."

Alikaa. Latifa alipiga magoti na birika na beseni, akamnawisha mikono. Ukaja wali, akaja jogoo wa Hashimu katika mchuzi wa nazi, na hapo hakuna aliyegusa neno la shule mpaka mgeni alipokula. Kisha Esta akafungua faili. Ndani yake mlikuwa na fomu iliyotungwa Uholanzi, nchi ambako nadhani kila mtu ana kochi lake na hakuna anayejua kwamba linaweza kutembea.

"Bibi, samahani, hizi ni taratibu tu. Kochi hili ni la hapa nyumbani?"

"La hapa. Kaa kwa raha zako."

"Na wale mbuzi wa nyuma?"

"Wapo tu hao. Wanatusumbua kwa kelele."

"Taa ya sola?"

"Hiyo, mwanangu, inawaka kweli kweli."

Esta aliandika. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kwa siku mnakula mara ngapi?"

Bibi Hadija alitazama sahani ya mgeni, ambamo paja la kuku lilikuwa limebaki mfupa. Sasa mtu ataanzia wapi? Utamwambiaje mtu ambaye mdomo wake bado unang'aa mafuta ya chakula chako kwamba wewe unalala na njaa? Chakula chenyewe kitamtumbukia nyongo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tunakula mpaka tunasaza."

Latifa, aliyekuwa bado kapiga magoti karibu na beseni, aliinua uso akamtazama bibi yake. Halafu akauinamisha. Siku mbili zilizopita walikula ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa unga ukiisha, na siku moja kabla ya hapo hawakula kitu mpaka jioni. Lakini mtoto hamkatizi mkubwa mbele ya mgeni, na Latifa alikuwa amelelewa.

Wakati Esta anaandika, mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kochi, vidole vinachezea kile kitambaa cha kufuma. Bibi Hadija aliona kidole cha shahada kinateleza chini ya kitambaa na kuzama kwenye lile tundu. Roho ikamruka. Lakini Esta alikitoa kidole, akafunga faili, akashukuru sana, akasema nyumba hii ina baraka. Bibi Hadija alimtoa mpaka nje akarudi ndani akijiona amefaulu mtihani.

"Umeona?" akamwambia Latifa. "Ametuheshimu."

Kesho yake kochi liliondoka. Upande wa pili wa kijiji Mzee Mikaeli alikuwa akimlea mjukuu wake Amani, yatima wa baba na mama, na Esta alikuwa aende huko Jumatano. Vijana walewale wanne walikuja kulichukua, na Bibi Hadija naye akatoa mchango wake: mto wake wa pamba, kitu pekee cha kuonyesha alichokuwa nacho cha kwake mwenyewe. Likatoka kwa tabu kama lilivyoingia. Likaacha alama nne kwenye sakafu ya udongo, pale miguu yake iliposimama.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Hemedi alikuja akasimama uani. Hakukohoa wala hakubisha hodi, na hapo tu Bibi Hadija akajua pana jambo.

"Natoka ofisi ya kijiji," Hemedi akasema. "Yule binti yupo pale anamalizia karatasi zake. Bibi, ameandika nyumba yako inajiweza."

"Inajiweza vipi?"

"Ina kochi. Ina mbuzi. Ina taa. Inakula ikasaza." Hemedi alikuwa anaitazama ardhi. "Anasema nafasi ni chache na lazima ziende kwa wasionacho. Anarudi mjini leo alasiri na majina. Kochi langu limetuponza."

Bibi Hadija aligeuka kumtafuta Latifa, akamwona kaketi kizingitini anamenya muhogo mchungu wa kuloweka na kuanika, na alikuwa amesikia yote. Kisu hakikusimama. Alimenya ule muhogo mpaka mwisho, akauweka kwenye maji, akachukua mwingine.

"Mke mwenzangu," Bibi Hadija akamwita, kwa lile jina la utani ambalo mabibi huwaitia wajukuu wao wa kike.

"Usijali, bibi," Latifa akasema. "Hata mimi ningemwambia hivyo hivyo. Si alikuwa mgeni?"

Angelia, ingekuwa nafuu. Angelaumu, ingekuwa nafuu zaidi. Bibi Hadija akainuka, akachukua kanga yake, akatoka. Hemedi alitaka kufuatana naye, akamwambia abaki.

Njiani alijifunza maneno. Yalikuwa maneno mafupi na aliyarudia kwa kila hatua. Kochi si langu. Mbuzi si wangu. Tunakula mara moja. Sina. Lile la mwisho ndilo lilikuwa gumu. Mume wake alipofariki hakulisema, mwaka ukame ulipounguza muhogo hakulisema. Siku zote alisema tunamshukuru Mungu, na watu walielewa wakaleta walichonacho. Hapo ndipo ulipokuwa mwiba: kwao neno lile halikuwa na haja ya kusemwa. Huyu wa mjini alitaka lisemwe.

Ofisini alimkuta mtendaji wa kijiji, na Hashimu aliyekuwa anachaji simu, na wazee wawili waliokuja kukaa tu. Esta alikuwa mezani, faili wazi mbele yake. Wote wakageuka.

"Bibi Hadija! Karibu, karibu. Kuna jambo?" mtendaji akauliza.

Alifungua mdomo. Wanaume wanne walikuwa wanamtazama, wawili kati yao aliwahi kuwakanda matumbo walipokuwa watoto. Maneno yakamkimbia moja baada ya moja.

"Hakuna jambo," akasema. "Nimekuja kumsalimia mgeni tu, maana anaondoka."

Wakamsifu kwa kuwa na ubinadamu. Akapewa kiti, akakaa. Wakazungumza habari za mvua. Akakaa mpaka aliona akiendelea kukaa atalia mbele yao, akasimama, akaaga, na hapo Esta naye akafunga faili.

"Bibi, ngoja nikusindikize."

Kumsindikiza mtu ni jambo la kawaida, ni mpaka kona ya kwanza, mnaagana, unarudi. Walipofika kwenye kona ya bomba la maji Bibi Hadija akasema, "Hapa panatosha, mwanangu, rudi ukafanye kazi." Esta akasema bado kidogo. Walipofika kwenye mikorosho ya shule akamwambia tena. Esta akasema bado kidogo. Alikuwa anatembea taratibu, faili chini ya kwapa, anapiga kokoto kwa ncha ya kiatu kama msichana.

"Jana nilikuwa kwa Mzee Mikaeli," akasema. "Amenikirimu sana. Amenikalisha kwenye kochi zuri."

Bibi Hadija akaendelea kutazama mbele.

"Nikaweka mkono hivi. Bibi, kidole kikaingia chenyewe."

Walisimama. Walitazamana. Na Esta, aliyekuwa amejizuia tangu jana, akashindwa. Alicheka mpaka faili likaanguka, na Bibi Hadija akaona kile kidole kikitafuta tundu lake nyumba hata nyumba, akaona kochi likikimbia vichwani mwa vijana ili limuwahi mgeni, naye akacheka, akacheka mpaka akaketi pale pale kando ya njia. Hakujua ni saa ngapi kicheko kiligeuka. Alijikuta tu ameufunika uso kwa kanga na mabega yanatikisika, na mkono wa Esta uko mgongoni mwake.

"Kama ulijua," akasema ndani ya kanga, "mbona umetuandika hivyo?"

"Siwezi kuandika kwamba bibi mzima amenidanganya, nikuvunjie heshima kwenye karatasi inayokwenda kwa Wazungu. Naandika ninachoonyeshwa. Wale watu hawaijui Mnyembe. Wanaijua karatasi hii tu." Esta akapangusa macho yake mwenyewe. "Nilimwambia mtendaji kwa sauti, Hemedi akiwa pale, kusudi. Nilijua yatafika. Halafu nikakaa kukusubiri. Umekuja, ukanisalimia, ukataka kuondoka! Bibi, una roho ngumu wewe."

"Sikuweza. Mbele ya wale..."

"Najua. Mama yangu ni wa Newala, ni hivyo hivyo. Twende nyumbani, ukanionyeshe."

Safari hii hapakuwa na hodi, kwa sababu Esta aliingia na mwenye nyumba. Ndani palikuwa na mkeka. Palikuwa na sufuria moja jikoni, sanduku moja, kanga mbili juu ya kamba, na zile alama nne kwenye udongo ambazo hakuna aliyezifuta. Latifa aliruka aliposikia miguu, akamwona mgeni, akageuka mbio kwenda kwa mke wa mwalimu kuomba hata kigoda.

"Latifa," bibi yake akamwita. "Acha. Rudi ukae."

Esta alivua viatu, akakaa chini, akakunja miguu, upande ule wa mkeka uliotoboka. Akafungua faili, akaichana ile karatasi ya Jumanne vipande viwili, akachukua nyingine mpya.

"Haya, bibi. Sasa niambie."

Basi akamwambia. Ilichukua muda, maana maneno yaliyokaa miaka hayatoki kwa siku moja bila kukwama. Alisema kochi la nani na mbuzi wa nani. Alisema jogoo wa nani, na hapo Esta akashika tumbo lake. Alisema wanakula mara moja, na kuna siku hata hiyo moja haipo, na siku hizo hujifanya hana njaa, na Latifa hujifanya anamwamini. Latifa alikuwa kainama anachora chini kwa kidole. Alisema sina. Alilisema kwa sauti ya chini, akashangaa kwamba paa halikuanguka.

"Kuna jingine?" Esta akauliza.

"Lipo. Sitaki aende."

Latifa aliinua kichwa.

"Nataka asome," Bibi Hadija akasema, "na sitaki aende. Huyu ndiye nyumba yangu. Nikimwita asubuhi akaitika, ndiyo najua nimeamka. Lakini asiposoma watakuja kumchukua wengine, na hao hawatamfundisha kitu. Yote mawili ni kweli. Andika."

"Bibi, fomu haina mahali pa kuandika hilo."

"Basi lipenyeze pembeni."

Esta alilipenyeza pembeni, kwa herufi ndogo, kutoka juu mpaka chini. Kisha akauliza kile kinachochemka jikoni ni nini, akaambiwa ni ming'oko tu, si chakula cha kumpa mgeni. Akasema yeye amekulia ming'oko, na kama hawampi ataichukua mwenyewe. Wakaila wote watatu kutoka sahani moja, kwa chumvi. Esta aliomba aongezewe, wakampa, na sufuria ikabaki tupu.

Latifa alipata nafasi. Hata Amani alipata, maana Esta aliahirisha kuondoka, akamsindikiza Mzee Mikaeli naye jioni ile ile mpaka ndani kwake. Mwezi wa kwanza watoto walichukuliwa kwa gari la kituo. Bibi Hadija alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, akarudi nyumbani, akapika, na alipopakua akakuta amepakua sahani mbili.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu. Alipanda basi la asubuhi kutoka Kilambo, na korosho alizobangua mwenyewe ndani ya kitambaa, na ming'oko michache iliyochemshwa, maana alijua huko Rahaleo haipatikani. Kituo kilikuwa nyumba ndefu yenye bati jekundu na uwanja uliofagiliwa. Alimwona Latifa kabla Latifa hajamwona. Alikuwa amerefuka. Sare ilikuwa imepigwa pasi mpaka imesimama yenyewe.

"Shikamoo, bibi! Karibu, karibu, pita huku."

Akaongozwa barazani. Pale palikuwa na kiti cha mikono chenye mto, na meza ndogo yenye kitambaa, na chupa ya chai, na kikombe kwenye kisahani chake, na biskuti nne zilizopangwa duara. Latifa alimkalisha katikati ya kiti. Akapiga magoti na jagi, akamnawisha mikono, hakumwaga hata tone.

"Unaendeleaje, mjukuu wangu?"

"Vizuri sana, bibi."

"Masomo?"

"Mazuri."

"Chakula?"

"Mara tatu. Tunakula mpaka tunasaza."

"Na wenzio?"

"Wazuri wote. Tunapendana."

Bibi Hadija alikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi, sukari ya mtu aliyeilimbikiza. Juu ya kikombe aliona msichana mmoja akichungulia nyuma ya nguzo, macho yako kwenye kile kikombe, halafu Latifa akampa ishara ya mkono kwamba bado, Happiness, bado. Na kule mlangoni kwa ofisi, matroni, mama wa watu mwenye mwili wake, alikuwa anaandika kwenye daftari lake akiwa amesimama, ameegemea dirisha. Hakuwa na pa kukaa. Bibi Hadija akashusha mkono juu ya kiti, kidole kikapapasa mpaka mwisho wa mbao. Hapakuwa na tundu.

"Latifa. Kiti hiki cha nani?"

"Cha hapa, bibi. Kaa kwa raha zako."

Alimtazama mtoto yule aliyempigia magoti, uso umeng'aa kwa mafuta, tabasamu limepigwa pasi kama sare, na alijiona mwenyewe. Alikuwa amemrithisha, na hakujua siku aliyomrithisha. Akaweka kikombe mezani, akasimama.

"Mrudishie matroni kiti chake, anaumia miguu. Na kikombe mpe yule mwenzio, anakisubiri."

"Bibi..."

"Nenda."

Latifa alikwenda, masikio yamemwiva. Aliporudi alimkuta bibi yake ameifungua kanga ya juu, ameitandika kwenye sakafu ya baraza, ameketi na kunyoosha miguu, ming'oko iko kando kwenye kitambaa chake. Alitazama huku na huku kama wenzake wanaona. Walikuwa wanaona. Akakaa hata hivyo, kwanza kwa mbali, halafu karibu, halafu akajilaza, kichwa kwenye paja la bibi, kama alivyokuwa akifanya kabla hajaanza darasa la kwanza.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi Hadija akasema. "Sasa niambie."

Ikachukua muda. Kila somo ni kwa Kiingereza na yeye haelewi, anaandika tu. Kuna msichana anamcheka anavyosema. Chakula ni kweli mara tatu, lakini siku za kwanza hakikupita, alikuwa anafikiri yeye anakula, na bibi huko analala na njaa. Hesabu amekuwa wa pili. Kila alfajiri wakiadhini anaamka kabla ya wenzake, kwa sababu ndiyo saa bibi alikuwa akimwita, na anakaa kitandani anasubiri kuitwa mpaka anakumbuka.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema, machozi yanaingia kwenye kanga. "Na sitaki kurudi."

"Najua. Yote mawili."

"Yote mawili."

Bibi Hadija akamenya mng'oko mmoja, akamtia kinywani. Walikaa hivyo. Uwanjani watoto walikuwa wanapiga kelele, na matroni alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Kisha Latifa akafuta pua, akainua uso kutoka pale pajani.

"Na wewe, bibi? Unaendeleaje?"

Alhamdulillahi ilikuwa tayari mdomoni. Sijambo, mjukuu wangu, tupo, tunakula. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akaimeza.

"Nyumba imekuwa kubwa," akasema. "Kila siku napika ya watu wawili."